Naanza ufundi wa boila za dizeli Mtwara, mkoba wa kwanza niujaze nini?

Kijana wa Chikongola

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nipo Mtwara mjini. Nilisoma umeme VETA, halafu nikafuatana miaka miwili na mzee mmoja aliyekuwa anazungukia boila za watu: ya kufulia mashuka hospitali, ya kiwanda kidogo cha korosho njia ya Masasi, na vile vichomeo vya dizeli vya oveni za mikate. Yeye anashika spana, mimi nashika tochi. Mwaka huu mgongo umemkataa, karudi kwao Newala. Wateja kaniachia, vifaa kavifungia sandukuni, akasema hivyo ni vya wanawe. Sina kinyongo, ila simu zinaita na mkononi nina spana za kawaida, bisibisi mbili, plaisi na testa.

Mtaji ni 900,000. Ni hela ya korosho za shamba la baba kule Nanyamba, na nimeapa haitaingia kwenye bodaboda.

Nimeangalia video za mafundi wa Uingereza. Jamaa anafungua buti la gari, ndani kuna duka zima: nozeli (vile vichwa vya kunyunyizia mafuta) zimepangwa kama risasi, fotoseli (jicho la kichomeo la kuona moto) za kila aina, kontroli boksi (kile kiboksi kinachoongoza kuwaka na kuzima) sita, pampu mpya bado zina nailoni zake, mashine ya kupima gesi ya moshi, mashine ya kufyonza masizi. Nikajumlisha bei, nikafunga simu, nikalala.

Naomba msaada. Kwa hela hiyo nianze na vifaa gani, na spea zipi nikae nazo nyumbani? Maana kwetu kitu kikikosekana ni mpaka Kariakoo, zaidi ya kilomita 550, na mteja mvuke anautaka asubuhi. Mwezi wa tano 2024 barabara ilipokatika Somanga, mzee alikaa siku kadhaa boila imezima kwa ajili ya koili moja iliyokuwa ndani ya basi, upande wa pili wa maji. Hiyo siisahau.

Natanguliza shukrani.

Injinia wa Gerezani

Kijana hongera kwa uamuzi. Mimi nipo Dar, kazi hii naifanya kila siku. Nunua mashine ya kupima gesi kabla ya kitu kingine chochote. Dizeli ikiungua sawasawa CO2 inakaa 12 hadi 13 kwa mia, na kaboni monoksaidi iwe kidogo sana. Macho hayaoni hayo, pua haisikii. Fundi wa kichomeo asiyejua namba zake ni mpiga brashi tu. Kama 900 haitoshi, subiri itoshe.

Babu wa Mtama

Marahaba mjukuu.

Injinia hajakosea, ila hiyo ni kweli ya mtu mwenye mshahara. Mtoto akisubiri mpaka apate mashine ya gesi, hao wateja watakuwa wameshazoea sura nyingine. Mimi nimepika mvuke miaka 31, korosho kwanza, hospitali baadaye. Sasa nipo Mtama na kuku wangu. Mashine ya gesi niliishika mara ya kwanza nikiwa na mvi.

Hizo video zitakuponza usipozielewa. Wale wanahudumia boila za kupashia nyumba joto. Nyingi zinachoma mafuta ya taa, wao huyaita ya sekunde 28, yaani muda wake wa kumiminika kwenye kipimo chao. Dizeli ndiyo ya sekunde 35, nzito kidogo. Nozeli zao ni za nusu galoni kwa saa na kitu, na kinachozunguka ndani ni maji ya moto basi. Mtwara hii nani apashe nyumba joto? Za kwetu zinatoa mvuke, na mvuke wa bar 7 una nyuzi 170. Kichomeo chao na chako ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo upande wa moto watazame hata usiku kucha. Upande wa maji usiwafuate. Wao hawana kioo cha kusomea maji wala boya la kuzima moto maji yakipungua. Wewe unavyo, na hivyo ndivyo vitakavyokufikisha uzeeni.

Sasa hela yako. Spea iache kwanza, nunua macho.

Geji ya presha ya mafuta, 0 hadi 25 bar, uzi wa moja ya nane ya inchi ndio unaoingia kwenye tundu la pampu nyingi ndogo. Bila hiyo hujui pampu inasukuma 12 au 6, utabadilisha nozeli tatu na tatizo liko palepale. Pamoja nayo chukua geji ya vakyumu, inafungwa upande ambao pampu inavuta. Mshale ukipita 0.4 bar hivi, kuna kitu kinamkaba: filta imeziba, vali ya tangi haijafunguka yote, au tangi limewekwa chini mno. Mafuta yanaanza kutoa mapovu na moto unakohoa. Fundi asiye na geji hii atakwambia pampu imekufa. Nimeona pampu tatu nzima zikitupwa, kosa lilikuwa la filta.

Halafu pampu ya moshi. Wengi wanaiita Bacharach. Inafanana na pampu ya baiskeli, ila hii inavuta badala ya kupuliza. Unachomeka karatasi nyeupe, unaingiza mdomo wake kwenye bomba la moshi, unavuta mara 10, unalinganisha doa na kadi yenye madoa kuanzia 0 hadi 9. Dizeli iliyowekwa sawa inatoa 0 au 1. Kwa kifaa hiki unaweza kufanya kazi ya adabu hata bila mashine ya Injinia: unabana hewa polepole mpaka doa linaanza kutokea, kisha unaifungua kidogo mpaka lipotee. Ukiipata mashine ya kuazima, unahakiki. Wanaofungua hewa wazi ili moshi usionekane wanapasha joto ndege wa angani kwa dizeli ya mteja.

Mwisho wa macho ni kipimajoto cha bomba la moshi, fimbo yenye uso wa saa inayofika nyuzi 500. Siku umesafisha mirija, pima, andika kwa chaki ya mafuta kwenye mlango wa boila pamoja na tarehe. Kila nyuzi 20 zinazopanda juu ya hapo ni takriban asilimia moja ya mafuta inayopotea. Ulianza na 210, ukirudi ukakuta 270, hiyo ni tatu kwa mia inapaa. Ama masizi yamejaa upande wa moto, ama chokaa imeshika upande wa maji. Mwenye boila hajui masizi, lakini lita anazijua. Namba hiyo ya chaki imeniombea kazi kuliko mdomo wangu.

Maltimita ya kawaida inatosha. Fotoseli ni kuipima ohmu: ukiifunika kwa kidole zinapaa juu kabisa, ukiimulika tochi zinaanguka. Zisipoanguka, itupe. Transfoma ya cheche usiipime kwa maltimita wala kwa bisibisi kama wanavyojifanya mashujaa. Pale kuna volti elfu kumi na zaidi.

Vya mkono unavijua. Nozeli nyingi ni spana 16, kishikio chake 19, na lazima uwe nazo zote mbili kwa pamoja. Ukishika moja tu, unaisokota fimbo nzima na elektrodi, zile pini za cheche, zinahama. Funguo za Allen seti nzima. Brashi ya mirija yenye mpini wa kuunganisha, upime kipenyo kwanza. Tupa ya pembe tatu ya kukatia kioo cha maji. Kioo kidogo cha kunyolea, cha kuchungulia nyuma. Spana malaya unayo tayari, najua, ila usiipeleke kwenye nati za shaba.

Kwenye spea, usinunue hata moja kabla hujazunguka kwa wateja wako na daftari. Nenda boila ikiwa imezima. Andika kibati cha kichomeo, kibati cha pampu na inazunguka upande gani, namba ya kontroli boksi pamoja na kitako chake, kapasita ya mota ni mikrofaradi ngapi, koili ni volti ngapi. Fungua nozeli usome maandishi yake: galoni ngapi, nyuzi ngapi (45, 60 au 80), na herufi ya mfumo wa mnyunyizo. Zote zinahusika. Tanuru fupi nene ukiliwekea ya 45, moto unalamba ukuta wa mwisho. Tanuru refu jembamba ukiliwekea ya 80, unapaka masizi pembeni. Ukishaandika, utaona wateja wako hao wote wanahitaji vitu ambavyo vinaenea kwenye ndoo ndogo ya rangi. Duka la yule Mwingereza ni la wateja mia tatu.

Nikuhadithie moja halafu nikalishe kuku. Ilikuwa masika, kiwanda kimoja cha korosho, sikitaji. Maji yameingia kwenye tangi la dizeli. Kichomeo kikaanza, kikazima, taa nyekundu. Nikabonyeza kitufe. Kikaanza, kikazima. Nikabonyeza. Bosi kasimama nyuma yangu anaangalia saa. Mara ya tano kikawaka, lakini kiliwaka pamoja na dizeli yote ya zile mara nne, ilikuwa imelala chini kwenye tanuru inanisubiri. Mlango wa nyuma ulifunguka wenyewe. Nyusi zangu zilikwenda, na akina mama wa kubangua walikimbia mpaka barabarani na aproni zao. Tangu siku ile nabonyeza mara mbili. Ya pili ikikataa nazima swichi kuu, nafungua, namulika, nikikuta dizeli naikausha kwa matambara, ndipo natafuta sababu. Bosi aangalie saa mpaka ichoke.

Kwa hiyo weka na kopo la pasti ya kutafutia maji. Unaipaka kwenye ncha ya fimbo, unaishusha mpaka chini ya tangi, ikigusa maji inabadilika rangi. Kwa unyevu wa pwani yetu, tangi lililoachwa nusu huku nyuma linatengeneza maji lenyewe.

Mama Mikate, Lindi

Mwanangu, mimi si fundi, mimi ndiye unayemwandikia bili, basi nisikilize na mimi.

Nina oveni mbili za dizeli hapa Lindi. Unga ukishaumuka hausubiri fundi. Ukizima moto saa tisa usiku, mpaka alfajiri ni uji, na watu wa boflo wanakuja mlangoni na baiskeli zao. Mwaka juzi alikuja fundi akaniambia nozeli imechoka, akaweka nyingine. Sikujua kuuliza. Kumbe ile ya zamani ilikuwa 1.00, yeye kaweka 1.50 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni, akaniambia "hii itapata moto haraka". Haraka ilipata kweli. Mikate nje nyeusi ndani mbichi, na mgongo wa oveni umevimba masizi mpaka harufu ya dizeli ikaingia kwenye maandazi. Wiki nzima nauza kwa hasara, kisha natafuta fundi wa kumfuata fundi.

Tangu hapo spea nanunua mwenyewe. Nina bati la biskuti, limeandikwa kwa kalamu nyeusi OVENI, ndani kuna nozeli mbili, jozi ya elektrodi, fotoseli moja, kapulingi ile ya plastiki ya kati ya mota na pampu, fyuzi, na mpira mmoja wa mafuta. Fundi akija anachukua humo, mbele yangu, na kile kibovu anakiacha mezani. Wewe mwenye 900,000 kwa nini ubebe spea za kila mtu? Mwambie kila mteja anunue bati lake. Wewe mwandikie orodha, mletee akulipe, likae kwake. Hela yako ibaki kwenye vifaa vyako.

Jambo jingine, umeme. Kontroli boksi ziliniungulia mbili ndani ya msimu mmoja, umeme unapanda unashuka. Fundi wa pili alinifungia kilinda umeme, kile kinachokata umeme ukizidi au ukipungua. Ya tatu bado ipo.

Kijana wa Chikongola

Shikamoo babu, shikamoo mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimefanya mlivyosema, nimezunguka na daftari siku tatu.

Hospitali: kibati kinasomeka, kichomeo cha hatua mbili, nozeli mbili za 2.25 nyuzi 60, presha 12. Mikate ya hapa mjini: 1.00 nyuzi 80. Mikate ya Mikindani: nozeli imesuguliwa mpaka namba hazionekani, naona mtu alikuwa anaisafisha kwa brashi ya waya. Kiwanda cha korosho ndio kasheshe. Kibati kimeliwa na kutu, na wao siku nyingi wanachoma maganda ya korosho, dizeli wanawasha maganda yakiisha au yakilowa. Kamba ya mlango wa boila imekuwa unga mweupe.

Mama, wazo la bati nimelipeleka kwa wote. Watatu wamekubali, wa nne anasema "wewe fundi gani huna spea".

Nimeuliza nozeli dukani, nikapewa iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, haina boksi, bei nusu. Nitajuaje kama ni nzima? Na hii ya Mikindani isiyo na namba, nianzie wapi?

Babu wa Mtama

Marahaba. Hizo siku tatu zimekuzidishia kitu kuliko mwezi wa kushika tochi.

Nozeli ya kwenye gazeti irudishe kwenye gazeti lake. Nozeli nzima inakuja kwenye kichupa au boksi lenye kifuniko, kwa sababu hata alama ya kidole ikigusa uso wake mnyunyizo unapinda. Na hakuna nozeli inayosafishwa kwa brashi ya waya wala kuzibuliwa kwa pini. Tundu lile limekatwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Ukilipanua upande mmoja moto unakwenda upande mmoja. Imechoka, inabadilishwa.

Namba iliyochongwa kwenye nozeli maana yake ni galoni za Marekani kwa saa kwenye presha ya 7 bar. Galoni moja yao ni lita 3.785. Presha ikipanda mafuta yanaongezeka, lakini si kwa kasi ileile: gawanya presha yako kwa 7, tafuta kipeuo cha pili, zidisha. Ya 1.00 ukiipa 12 bar, 12 kwa 7 ni 1.71, kipeuo chake 1.31, kwa hiyo lita 3.785 zinakuwa karibu 5 kwa saa. Lita ya dizeli ina joto la kilowati 10 za saa nzima, kwa hiyo moto huo ni kama kilowati 50. Sasa ile ya Mikindani isome kwa dumu. Toa mpira wa kuvuta na mpira wa kurudisha, yote miwili itumbukize kwenye dumu moja lenye alama za mililita, toa hewa, washa, pima dakika 10. Kilichopungua zidisha kwa 6, umepata lita kwa saa. Ikiwa ni ya 1.00 kwa 12 bar, ndani ya dakika 10 dumu litapungua kama mililita 830. Ukipata 1,100, tundu limeshaliwa au mtu aliweka kubwa. Lakini usichukue jibu la dumu ukanunua nozeli ya hivyo, maana utakuwa unarithi kosa la mwenzako. Soma kibati cha oveni kinataka kilowati ngapi, urudi nyuma kwa hesabu hiyohiyo.

Kwa kuwa umetaja mipira miwili, lipo jambo linaloua pampu mpya kila mwaka. Ndani ya pampu nyingi kuna skrubu ndogo ya njia ya ndani. Kama una mpira wa kurudisha, skrubu inakaa. Kama ni mpira mmoja wa kuvuta tu, skrubu lazima itolewe, la sivyo mafuta hayana pa kwenda na sili ya shafti inapasuka ndani ya dakika. Utasikia fundi analaani pampu ya Kichina. Pampu haina kosa, skrubu ya ukubwa wa punje ya mchele haikutolewa.

Korosho. Kwenye maganda vaa glavu na miwani, yale mafuta yake yanababua ngozi, waulize akina mama wa kubangua vidole vyao. Na moshi wake unaacha lami kwenye mirija. Brashi yako ya dizeli haitoshi pale, itakwama katikati na utailia. Waambie wakwangue wao kwanza, wewe njoo kwa kichomeo.

Ile kamba iliyokuwa unga mweupe usiiguse ikiwa kavu. Hivi viwanda vyetu vingi vya korosho vilijengwa miaka ya 1970, na kamba na mbao za kuzuia joto za wakati ule mara nyingi zilikuwa za asbestosi. Vumbi lake halitoki mapafuni. Ilowanishe, vaa barakoa ya kweli, si ya kitambaa, itie kwenye mfuko wa nailoni na ufunge, na uwaambie wenyewe kwa maandishi. Sitaki kusikia umeikwangua na bisibisi.

Pale pale, kabla hujawasha kitu: kioo cha maji kipulize, uone maji yanashuka na yanarudi haraka. Yakirudi kwa kujivuta, tundu la chini limeziba, na unachokisoma pale ni uongo. Ukishawasha, mwaga chumba cha boya moto ukiwa unawaka, kichomeo lazima kizime chenyewe. Kisipozima usikae hapo ukitafakari, kizime kwa mkono uondoke, uandike. Valvu ya usalama usiifungue wala kuikaza, hata bosi akisema inavujavuja tu. Na mtu asikutume kuchomelea sehemu yoyote inayobeba presha. Boila ya mvuke ni ya kukaguliwa na OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, kwa sheria ya 2003, cheti chao kiombe ukione kabla hujaweka mkono. Hawana? Safisha kichomeo, andika kwenye risiti "boila haina cheti", ondoka na nakala.

Huyo wa nne anayesema huna spea, mwekee nozeli moja kwa hela yako, basi. Kontroli boksi ikimfia usiku, atanunua bati kesho yake.

Injinia wa Gerezani

Babu umenitoa kwenye kiti. Nimekubali hoja ya daftari, hata mimi vijana wangu wananunua spea kwanza halafu wanatafuta boila ya kuzivaa.

Kijana, mwezi wa kumi nina kazi ya wiki moja Mtwara. Nakuja na mashine ya gesi, nitakupimia hizo nne bila malipo, chakula cha mchana juu yako. Kabla sijafika uwe umesafisha na umeweka presha, nisikute unaniuliza presha ngapi. Na hizo nozeli za 2.25 na 1.00 nipe orodha kamili na nyuzi zake, nitakupakilia kwenye basi zikiwa kwenye vichupa vyake. Hela tuma baada ya kuziona.

Kijana wa Chikongola

Injinia Mungu akubariki, orodha nakutumia leo usiku.

Nimehesabu hivi: geji mbili, kipimajoto, pampu ya moshi na karatasi zake, maltimita, spana 16 na 19 za uhakika, brashi mbili za mirija kwa vipimo nilivyochukua, glavu, barakoa, pasti ya maji. Inabaki kama 200,000, naiweka kwa dharura na nauli. Tatizo ni geji ya vakyumu, Mtwara nzima nimeuliza wananiletea ya friji, ile ya mafundi wa AC.

Babu wa Mtama

Ya friji upande wake wa kuvuta unasoma, kwa dharura ingekuwa sawa, ila uzi wake si wetu na mipira yake haipendi dizeli. Usinunue.

Jumamosi nakuja Mtwara na basi la asubuhi kumwona mwanangu Shangani. Nakuletea ya kwangu ya vakyumu, imelala kwenye soksi tangu nilipostaafu. Ina kasoro moja: mshale haurudi sifuri, unalala kwenye 0.05. Nimeshauandika huo 0.05 kwa rangi nyekundu juu ya kioo, wewe utoe kila unaposoma. Na usiiwekee tepu nyeupe kwenye uzi, ule uchafu wake unakatika na kuingia kwenye pampu. Ina washa yake ya shaba, ipo humohumo kwenye soksi, usiitikise ikaanguka.

Kijana wa Chikongola

Nitakupokea stendi mwenyewe babu. Soksi nakurudishia.